Vinyama vya shingoni, vidoti vya mashavuni na shingo isiyotakata

"Shikamoo daktari. Nina miaka 43, nauza vitenge sokoni. Tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho miaka sita iliyopita (alikuwa na kilo 4.4, ikabidi nipasuliwe) nimeota vinyama vidogo laini shingoni na kwapani, sasa vimefika kama ishirini na tano. Mashavuni nina vidoti vyeusi vilivyoinuka, vilianza nikiwa binti lakini naona vinazidi. Shingo yenyewe kwa nyuma imekuwa nyeusi, nasugua kwa dodoki na limau haitakati. Kinyama kimoja cha kwapani nilikifunga uzi, kikadondoka baada ya siku tano lakini pakatunga usaha, na baadaye vikaota viwili pembeni yake. Kuna kijana saluni anachoma kwa dawa ya maji, shilingi elfu mbili kila kimoja. Jirani anasema ni damu chafu, dada yangu anasema ni kansa, mume wangu anaogopa nisije nikamwambukiza. Nina kilo 88 na urefu wa sentimeta 160. Mama yangu anatumia vidonge vya sukari. Nifanye nini?"

Marahaba, dada. Kwa jinsi ulivyoeleza, hii si kansa, si damu chafu, na mumeo hana cha kuambukizwa. Ila umetaja kwa kupita tu mambo mawili yanayonishughulisha kuliko vinyama vyote ishirini na tano: mtoto wa kilo 4.4 na mama mwenye kisukari. Nitayafikia. Tuanze na ngozi yenyewe, maana wewe unaona tatizo moja linalotambaa kutoka shingoni kwenda usoni, kumbe una vitu vitatu tofauti, na kimoja kati ya hivyo hakina undugu na vingine.

Simama dirishani mchana, shika kioo, ubane kinyama kimoja cha shingoni kwa ncha za vidole viwili. Kama ni laini, kina rangi ya ngozi yako au kimekolea kidogo, kinayumba kila upande na kimeshikiliwa na kikonyo chembamba kama embe linavyoning'inia mtini, hicho ni kinyama cha kawaida cha ngozi. Vingi havizidi punje ya mchele, vichache hufika ukubwa wa harage. Ndani hamna usaha wala mdudu. Mna nyuzi laini za kolajeni, mafuta kidogo, na kimshipa cha damu kinachopita kwenye kikonyo. Ndiyo maana mkufu ukikinasa hutoka damu nyingi kuliko ukubwa wake. Na kikijipinda chenyewe, damu hukatika, kinauma, kinageuka cheusi na kudondoka. Weusi huo wa ghafla huwatisha watu sana, lakini ni kinyama kilichokosa damu, basi.

Huota pale ngozi inaposuguana: shingoni, kwapani, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya mapaja, hata kwenye kope. Umri huviongeza, ujauzito huviongeza, unene huviongeza. Havina virusi, kwa hiyo haviambukizi kwa kulala pamoja wala kwa kutumia taulo moja.

Hofu ya mumeo, nadhani, inatokana na kuvichanganya na chunjua. Chunjua ni kitu kingine: hiyo huletwa na virusi, uso wake ni mgumu na wenye mikwaruzo kama ua la koliflawa, na ukiikwangua kidogo unaona vitone vyeusi ndani, ambavyo ni mishipa midogo yenye damu iliyoganda. Hiyo huenea, tena wembe wa kunyolea huisambaza. Masundosundo ya sehemu za siri nayo ni ya virusi, na hayo huambukizwa kwa kujamiiana. Kwa hiyo kama una chochote kilichoota ukeni au njia ya haja kubwa, usikiweke kapu moja na vya shingoni. Kionyeshe kwa muuguzi au daktari, hata kama kwa macho yako vinafanana.

Na vile viwili vilivyoota pembeni ya ulichokifunga uzi? Kinyama hakina mbegu wala mzizi unaobaki chini. Kukata kimoja hakuzai vingine. Vipya vimeota kwapani kwa sababu kwapa ni lile lile na mwili ni ule ule, na vingeota hata kama usingegusa kitu. Usaha ni habari nyingine. Uzi unakiua kinyama polepole, na kwa siku tano hizo ulikuwa na nyama inayooza imening'inia mahali penye jasho na bakteria. Kwa mtu ambaye sukari yake inaweza kuwa juu, kidonda cha namna hiyo si cha kuchezea.

Sasa vidoti vya mashavuni. Wewe mwenyewe umetoa jibu bila kujua: vilianza ukiwa binti, miaka mingi kabla ya vinyama. Vidoti hivi vya kahawia iliyokolea au vyeusi, vilivyoinuka kidogo kama mtu amekudondoshea nta, vikikaa zaidi mashavuni, kwenye paji na kando ya macho, ni vya ngozi nyeusi hasa. Kitaalamu vinaitwa dematosisi papulosa nigra. Jina hilo lilitoka kwa tabibu wa Kiitaliano Aldo Castellani, aliyevieleza mwaka 1925 baada ya kuviona Jamaika. Ni vya kurithi. Ukiwatazama mama zako wadogo na shangazi zako kwa makini huenda ukaviona kwao pia. Vinaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, havigeuki kansa, na havisemi chochote kuhusu sukari. Hivi viweke pembeni, ni suala la urembo tu.

Isipokuwa kwa jambo moja, na naomba usikasirike nikiuliza: umewahi kupaka mkorogo? Haidrokwinoni ikipakwa miaka mingi inaweza kuleta weusi wenye rangi ya majivu kwenye mashavu na vijipele vidogo vyeusi vilivyobanana, na mtu asiyejua ataviita vidoti hivi hivi. Tofauti ni kwamba vidoti vya kurithi vimekaa kimoja kimoja na ngozi katikati yake ni safi, ilhali vya mkorogo vimekaa juu ya baka zima lililoungua. Na anayepata baka hilo hukimbilia kuongeza cream ile ile iliyomletea. Kama ndicho kisa chako, dawa ya kwanza ni kuacha. Ila kama mchanganyiko ulikuwa na steroidi kali, achishwa na daktari wa ngozi, usiache ghafla peke yako, maana uso unaweza kuwaka na kuvimba.

Kitu cha tatu ndicho kikubwa. Shingo yako si chafu. Ingekuwa nongo ingeshatoka kwa sabuni ya kwanza. Pitisha kidole nyuma ya shingo: ukihisi ngozi imekuwa nene na laini kama mahameli, na kwenye mwanga unaona mistari midogo midogo iliyolala kufuata mikunjo, hiyo ni akanthosisi nigrikansi. Tazama na kwapani, viwiko, na juu ya vifundo vya vidole. Dodoki haliwezi kuiondoa kwa sababu weusi haujakaa juu ya ngozi, ni ngozi yenyewe iliyojikunja na kuwa nene. Kadiri unavyosugua ndivyo inavyozidi kuwa nene na kuwa nyeusi. Limau acha leo. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua la sokoni likakupata, yanaunguza na kuacha mabaka meusi ya wiki kadhaa au miezi.

Kwa nini ngozi inafanya hivyo? Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoziambia seli za misuli, ini na mafuta zipokee sukari kutoka kwenye damu. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, seli hizo zinakuwa nzito wa kusikia. Kongosho halikati tamaa, linapaza sauti: linamwaga insulini mara mbili, mara tatu ya ile ya kawaida. Kwa miaka kadhaa mbinu hiyo inafaulu, sukari inabaki vizuri, ukipimwa unaambiwa huna tatizo. Lakini seli za ngozi hazikuwa nzito wa kusikia hata siku moja. Insulini ni dawa ya kukuza pia, na ikizidi mno huanza kushika hata vipokezi vya homoni nyingine ya ukuaji kwenye ngozi. Ngozi inasikia kelele zile na kutii: seli za juu zinazaliana, shingo inanenepa na kukolea, na nyuzi za chini zinachipua vinyama. Kwa hiyo ngozi inaweza kuonyesha dalili miaka mingi kabla ya kipimo cha sukari kubadilika.

Mtoto wa kilo 4.4 anaingia hapa hapa. Sukari ya mama ikipanda wakati wa ujauzito inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto linatengeneza insulini yake nyingi kuikabili sukari hiyo, na insulini ile ile inamkuza. Wapo watoto wakubwa ambao mama zao hawakuwa na sukari kabisa, kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika kwamba ulikuwa na kisukari cha mimba. Lakini mtoto mkubwa, mama mzazi mwenye kisukari, vinyama vilivyoanza baada ya uzazi huo, shingo iliyokolea na kilo 88 kwa urefu wa sentimeta 160, vyote kwa mtu mmoja! Sioni sababu ya kusubiri.

Nenda ukapime, na ujue unaomba nini. Kuchomwa kidole saa nne asubuhi ukiwa umeshakunywa chai na maandazi, ukaambiwa 8.2 "iko sawa sawa", hakukusaidii. Omba kipimo cha asubuhi ukiwa hujala wala kunywa chochote chenye kalori kwa saa nane au zaidi. Maji matupu yanaruhusiwa, chai haifai hata bila sukari. Ikisoma 7.0 (namba hizi ni za milimoli kwa lita) au zaidi kwa siku mbili tofauti, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani. Chini ya hapo usishangilie bado, kwa sababu nimekwambia kongosho linaweza kuificha sukari ya asubuhi. Kwa mtu kama wewe kipimo bora ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili: 11.1 na kuendelea ni kisukari, 7.8 hadi 11.0 ni hatua ya kabla yake. Kuna pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, ambacho hakihitaji kufunga. Hapo 6.5% na kuendelea ni kisukari, na 5.7 hadi 6.4 ni tahadhari. Ila kama una selimundu, hata ile ya kurithi upande mmoja, au upungufu mkubwa wa damu, au umeongezwa damu karibuni, mwambie mpimaji, kwa sababu HbA1c inaweza kutoa namba isiyo ya kweli.

Siku hiyo hiyo pima presha na mafuta ya damu, na upime kiuno. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, si juu ya kanga, ukiwa umeshusha pumzi. Kwa urefu wako kiuno kisizidi sentimeta 80. Na kama hedhi zako zinaruka miezi au unaota ndevu kidevuni, litaje, kwa sababu tatizo la ovari zenye vifuko vidogo vingi hutembea na hali hii hii ya insulini.

Yote yakija salama, rudia kila mwaka. Yakija ya katikati, una nafasi nzuri sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wa hatua hiyo waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo sita. Si kilo thelathini. Pa kuanzia ni vinywaji: soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa, na chai ya sokoni yenye vijiko vitatu mara nne kwa siku ni kumi na viwili. Kisha ugali upungue robo, maharage na mboga vijaze nafasi yake. Tafadhali usionje vidonge vya mama. Baadhi ya dawa za sukari hushusha sukari kwa nguvu na zinaweza kumwangusha mtu asiyezihitaji.

Nikuambie ukweli kuhusu matokeo kwenye ngozi: shingo hung'aa polepole, kwa miezi, uzito ukishuka. Vinyama vilivyokwisha kuota havirudi ndani. Vitapungua kasi ya kuongezeka, lakini vilivyopo vitabaki mpaka viondolewe.

Kuviacha ni chaguo halali kabisa. Ukitaka kuviondoa, njia rahisi ni mkasi safi wa hospitali: vile vidogo sana hukatwa hata bila ganzi, vyenye kikonyo kinene huchomwa sindano ya ganzi kwanza, damu hubanwa kwa shashi dakika tano, imekwisha. Njia ya pili ni kuchoma kwa umeme mdogo, nayo ni nzuri. Ya tatu ni baridi kali ya naitrojeni, na hapa kuwa mwangalifu: seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hufa kwa baridi mapema kuliko nyingine, kwa hiyo ngozi nyeusi inaweza kubaki na madoa meupe. Kinyama kimoja kinakuwa doa jeupe la ukubwa wa shilingi, na doa linaonekana kuliko kinyama. Usoni ningekushauri umeme wa nguvu ndogo sana, tena kwa daktari aliyezoea ngozi nyeusi, akuanzie na vidoti viwili au vitatu karibu na sikio, usubiri wiki sita uone vinavyopona kabla ya kuendelea. Kama umewahi kupata kovu la kuvimba, kwenye tundu la hereni au kwenye mshono wa upasuaji wa uzazi, mwambie kabla hajashika chombo.

Dawa ya maji ya saluni sijui ni nini, na huyo kijana pengine hajui pia. Mara nyingi huwa ni asidi au magadi makali. Wengine hutumia mafuta ya ganda la korosho, yanayobabua ngozi vibaya. Vitu hivi havina akili ya kuishia kwenye kikonyo. Vinatiririka, vinakula hadi ngozi ya chini, na huko ndiko makovu ya kuvimba yanakoanzia. Akitumia wembe au mkasi mmoja kwa wateja wote, kuna homa ya ini na VVU. Na kuna hasara isiyoonekana: kilichochomwa kwa asidi hakiwezi kupelekwa maabara. Kama kimoja kati ya ishirini na tano hakikuwa kinyama, hutajua tena.

Ni vitu gani basi ambavyo si vinyama? Nenda hospitali bila kungoja ukiona uvimbe unaokua ndani ya wiki chache, kidonda kisichofunga kwa mwezi mmoja, au kitu kinachotoa damu bila kuguswa. Mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi miguuni au kwenye paa la kinywa yanaweza kuwa saratani ya Kaposi. Vipele vingi vinavyong'aa vyenye kishimo katikati, vikitokea usoni kwa mtu mzima, vinahitaji kipimo cha VVU. Vinyama laini vingi mwili mzima, ambavyo ukivibonyeza vinazama kama kitufe, pamoja na mabaka ya kahawia sita au zaidi, vinaashiria ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu. Shingo ikikolea ghafla ndani ya miezi kwa mtu anayekonda, viganja vikawa vinene na vyenye mikunjo kama utumbo wa ng'ombe, tumbo lichunguzwe haraka, kwa sababu hali hiyo inaweza kuongozana na saratani ya tumbo. Wewe yako imekuja kwa miaka na huna dalili za kukonda, kwa hiyo usiichukue hofu hii. Kwa mwenye ualbino, kidonda au gamba lolote linalobaki ni la kuonyeshwa mapema.

Na tazama mahali ambapo watu weusi hawatazami: nyayo, viganja na chini ya kucha. Melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, kwetu hupenda huko. Ile iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 akiwa na miaka 36 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mstari mweusi mmoja ukuchani unaopanuka au kumwagikia kwenye ngozi, au doa jeusi unyayoni linalobadilika umbo, halikatwi saluni.

Kwa kisukari, kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia. Kwa ngozi, uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa kama wana mtaalamu wa ngozi. Wengi wao walisomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ambako tangu miaka ya 1990 wanafundishwa matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Pale palipotunga usaha kwapani waonyeshe pia, hata kama pamekauka. Na kabla hujaondoka nyumbani, mwambie mwanao akupige picha ya shingo kwa nyuma, dirishani, bila mafuta. Weka tarehe. Akupige nyingine mahali pale pale baada ya miezi sita, maana kioo cha kila siku hakitakuonyesha mabadiliko.